Nilivyojifunza Kukagua Bomba kwa Miguu

Neno lililonifundisha kazi hii ni "hakikisha". Nililisoma mara nyingi ndani ya majalada manne, nikalipitisha kila nilipolikuta, na mahali pamoja kati ya hapo likamvunja mtu mkono.

Nilikuwa na mwaka wa pili tu katika ukaguzi. Kampuni iliyokuwa ikiendesha bomba la mafuta ghafi ilileta taratibu zake za usalama ili mamlaka yetu ya udhibiti izipitie kabla ya leseni kuhuishwa. Jalada la uendeshaji, la matengenezo, la dharura, na la mafunzo ya wafanyakazi. Nilipewa wiki tatu, meza karibu na dirisha, na orodha ya maswali iliyochotwa kwenye kanuni. Je, upo utaratibu wa kufunga bomba ghafla? Upo, ukurasa huu hapa. Je, upo utaratibu wa kukabidhiana zamu? Upo. Je, kazi ya kuchomelea ina kibali chake? Inacho, na fomu imeambatishwa. Kila swali nililitafutia ukurasa wake, nikaweka tiki. Nilirekebisha hata tahajia. Siku niliyotia sahihi barua ya kuridhia niliamini nimefanya kazi kwa uangalifu mkubwa, na kweli nilikuwa mwangalifu, ila uangalifu wote ule niliumalizia kwenye karatasi.

Kwa asiyeifahamu kazi hii: mdhibiti haendeshi bomba. Anaangalia mambo matatu. Kwanza, kama mwenye bomba ameandika jinsi kila kazi ya hatari inavyofanywa. Pili, kama alichoandika kinakidhi sheria. Tatu, kama kazi inafanywa hivyo ilivyoandikwa. Mambo mawili ya kwanza unaweza kuyamaliza umekaa kitini. La tatu linataka buti, taa ya kichwani na subira, na ndilo ambalo mara nyingi hupewa siku mbili za mwisho, wakati gari la kurudia ofisini limeshawasha injini.

Miezi kumi na moja baadaye simu iliingia. Kwenye kituo cha mwisho cha bomba lile, mafundi wawili walikuwa wamekwenda kutoa pigi. Pigi ni chombo kinachosukumwa ndani ya bomba na mafuta yenyewe, kinakwangua uchafu njiani, na kile cha kisasa kinapima unene wa chuma na kutafuta kutu na nyufa. Kikifika mwisho huingia kwenye kipokeo, kipande cha bomba kilichopanuliwa chenye mlango mzito wa chuma. Valvu za kukitenga kipokeo hufungwa, mafuta hutolewa, presha hushushwa, ndipo mlango hufunguliwa. Hatua ya tisa ya utaratibu ilisema hivi: "Hakikisha kipokeo hakina presha, kisha fungua mlango."

Fundi alitazama geji. Mshale ulikuwa kwenye sifuri. Akalegeza mlango. Kijibomba chembamba kinachoipelekea geji presha kilikuwa kimezibwa na nta, ile nta inayoganda ndani ya mafuta ghafi yakipoa, na ndani ya kipokeo presha ilikuwa bado ipo. Mlango ulifunguka kwa nguvu zote zilizokuwa zimebaki nyuma yake. Mkono wake ulivunjika mara mbili, na bega likateguka. Mwenzake alikuwa amesimama ubavuni, akaloa mafuta tangu kichwani hadi miguuni. Hapakuwaka moto. Nimefikiria sana kuhusu moto ule ambao haukuwaka, maana hapakuwa na hatua yoyote katika utaratibu iliyouzuia.

Taarifa ya kwanza ya kampuni ilisema chanzo ni kosa la kibinadamu: fundi hakuhakikisha. Nusura niikubali. Ilikuwa imeandikwa vizuri na ilikuwa inafunga jambo. Kisha nikafungua nakala yangu ya jalada la matengenezo, nikaiona hatua ya tisa, na pembeni yake tiki, kwa mwandiko wangu.

Ahakikishe kwa kutazama nini? Alitazama geji. Akiona nini aendelee? Sifuri, na sifuri aliiona. Akiona nini asimame? Hakuna aliyeandika. Je, kipo kitu cha pili cha kumthibitishia kile cha kwanza? Hakipo. Fundi yule alitimiza kila neno lililokuwa kwenye ukurasa, na ukurasa ulipomwangusha, tukamgeuzia lawama yeye.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kanuni niliijua. Kanuni za Marekani kuhusu mabomba ya vimiminika vya hatari, kifungu cha 195.426, zinataka kipokeo kiwe na njia salama ya kushushia presha, na pia kiwe ama na kifaa cha kuonyesha kwamba presha imeshuka, ama na kizuizi kinachokataza mlango kufunguka ikiwa haijashuka. Orodha yangu ilikuwa na swali la aina hiyohiyo: je, kipo kifaa cha kuonyesha? Geji ilikuwepo. Sikuuliza geji hiyo inajuaje inachokionyesha.

Nilirudia majalada yote manne nikiwa na kalamu nyekundu. Kila penye "hakikisha", "chukua tahadhari", "ikibidi", "kwa muda unaofaa", nilipiga mstari. Haya ni maneno ambayo mwandishi wa utaratibu hukimbilia pale ambapo yeye mwenyewe hajui kazi inafanywaje. Hujificha vizuri kwa sababu yanasikika kama busara. Tangu hapo, nikiyakuta siandiki hoja, yaani dosari ambayo kampuni hutakiwa kuijibu, moja kwa moja. Ninaandika mahali pa kwenda kuangalia.

Mapitio yaliyofuata niliomba nisianze na meza. Mkuu wangu wa kitengo alikubali kwa shingo upande, kwa kuwa siku za safari zilikuwa chache na orodha ya maswali ilikuwa palepale ikisubiri tiki zake. Nilitoa nakala za kurasa za utaratibu wa dharura, nikazitia ndani ya plastiki, nikaenda nazo hadi kwenye valvu zenyewe. Nilifuatana na fundi mmoja wa makamo aliyekuwa ameitunza njia ile ya bomba kwa miaka mingi. Nilimwomba jambo moja tu: afanye kila hatua kama ilivyoandikwa, asiongeze wala asipunguze, nami nisome kwa sauti.

Tulipofika hatua ya nne alisimama.

"Injinia, hii nikiifanya hivi, nitakuwa nimejifungia upande wa pili."

"Huwa mnafanyaje, mzee?"

"Huwa tunaanza na ya sita, halafu tunarudi."

"Kila mtu anajua hivyo?"

Alifikiri kidogo. "Wakongwe tunajua."

Kwenye jibu hilo nilipata zaidi ya nilichopata katika wiki tatu za mwaka uliotangulia. Utaratibu ulioandikwa ulikuwa mmoja, na unaofanywa ulikuwa mwingine. Ule unaofanywa ulikuwa bora, lakini uliishi vichwani mwa watu watatu au wanne waliokuwa wanakaribia kustaafu. Kijana aliyeajiriwa mwezi uliopita angepewa jalada, na jalada lingemfungia upande wa pili.

Mengine tuliyoyakuta siku ile yalikuwa madogo kwa kuyatazama. Valvu iliyoitwa namba fulani kwenye mchoro ilikuwa na kibati chenye namba nyingine, kwa sababu ilibadilishwa na mchoro haukubadilishwa. Nyingine ilipakwa rangi upya na kibati kikafunikwa. Kwenye nguzo za tahadhari zilizopangwa kando ya mkuza wa bomba kulikuwa na namba ya simu ya dharura. Niliipiga usiku huo, saa nne. Iliita hadi ikakata. Asubuhi tuligundua kwamba inalia kwenye ofisi ya mapokezi, ambayo usiku hufungwa.

Kisha tukapima muda. Utaratibu ulisema valvu kubwa ya kutenga sehemu ile ya bomba ifungwe ndani ya dakika 30 tangu agizo litoke. Tulimpigia fundi wa zamu ya dharura bila kumtaarifu kabla. Alipokea simu mara moja, na hilo ni la kumsifu. Akafuata gari, akafuata ufunguo wa geti uliokuwa kwa mlinzi wa kituo kingine, akafika, akashika gurudumu la valvu, akaanza kulizungusha kwa mikono. Valvu ya ukubwa ule haifungwi kwa mizunguko kumi. Aliyekuwa na saa alinionyesha kwa ishara: saa moja na dakika 14. Mameneja wawili waliokuwa pamoja nasi hawakusema kitu. Mmoja wao alivua koti akaenda kumsaidia kuzungusha.

Wakati fundi anahema pale kando ya gurudumu, nilikuwa nikiwaza San Bruno, California. Tarehe 9 Septemba 2010 bomba la gesi lilipasuka katikati ya makazi ya watu. Watu 8 walikufa na nyumba 38 ziliteketea. Gesi iliendelea kutoka na kuulisha moto kwa dakika 95 kabla ya kuzuiwa, kwa sababu valvu za kuitenga zilikuwa za kufungwa kwa mkono na wenye kuzifunga walikuwa mbali. Uchunguzi ulionyesha pia kwamba kumbukumbu za kampuni zililieleza bomba lile kuwa halina mshono, ilhali lilikuwa na mshono mbovu uliochomelewa tangu 1956. Karatasi zilisema hivi, ardhini kulikuwa na vile, na hakuna aliyekuwa amezikutanisha karatasi na ardhi kwa zaidi ya miaka 50. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii niliisoma ajali hiyo kama habari ya chuma. Siku ile nikiwa na saa mkononi niliielewa kama habari ya ukaguzi.

Chumba cha kuongozea mitambo ndicho kilichonichukua muda mrefu zaidi kukielewa, na hadi leo ninaamini ndipo mkaguzi anapopaswa kukaa sana. Kila kampuni niliyowahi kuipitia imeandika kwamba mwendeshaji aliye kwenye skrini ana mamlaka ya kufunga bomba wakati wowote akiwa na shaka, bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Sentensi hiyo huandikwa kwa herufi nzito. Niliizoea.

Usiku mmoja nilikaa na mwendeshaji kijana kuanzia saa sita. Nilimuuliza, msimamizi wake akiwa nyuma yetu, kama anaweza kufunga bomba peke yake. Akajibu ndiyo, tena haraka, na macho yake yakamwendea msimamizi kabla hayajarudi kwangu. Sikuendelea. Saa tisa hivi msimamizi alipotoka, kijana alinisimulia mwenyewe. Miezi kadhaa nyuma alikuwa amefunga bomba kwa sababu presha ilishuka ghafla na hesabu ya mafuta yanayoingia na yanayotoka haikulingana. Ikaja kuonekana ni kipimo kilichoharibika. Hakuadhibiwa. Aliandika tu maelezo. Kisha akaombwa maelezo ya nyongeza. Kisha akaitwa kwenye kikao kueleza hasara ya saa zile ambazo mafuta hayakusukumwa. Wiki mbili nzima.

"Siku hizi ukiona hivyo unafanyaje?" nilimuuliza.

"Naangalia kwanza. Naangalia vizuri."

Huko kuangalia vizuri kuna historia. Jioni ya tarehe 25 Julai 2010, karibu na mji wa Marshall, jimbo la Michigan nchini Marekani, bomba la mafuta ghafi lilipasuka. Kengele za tahadhari zililia chumbani. Waendeshaji walidhani ni pengo la mafuta ndani ya bomba, hali inayoweza kutokea bomba likiwa linasimamishwa, na usiku ule bomba lilikuwa kweli linasimamishwa kwa ratiba. Wakaliwasha tena, mara mbili, wakitarajia kuliziba pengo. Zaidi ya lita milioni 3 zilimwagika na kuingia kijito cha Talmadge na mto Kalamazoo, na kiasi cha asilimia 81 zilitoka wakati wa kuwasha huko mara mbili. Wakazi walikuwa wameshapiga simu jioni ileile kulalamikia harufu. Ilipita zaidi ya saa 17, na hatimaye aliyewaambia kampuni kwamba mafuta yao yako nje alikuwa mfanyakazi wa kampuni nyingine.

Kinachonikosesha usingizi katika ajali ile ni kwamba utaratibu ulikuwepo. Kampuni ilikuwa na kanuni ya dakika 10: ukishindwa kueleza hali ya namna hiyo ndani ya dakika 10, funga bomba. Na kanuni hiyo haikuokotwa tu. Ilizaliwa na ajali nyingine ya bomba, ya mwaka 1991 kule Grand Rapids, Minnesota. Walishalipia somo lile, wakaliandika, wakaliweka jaladani. Mkaguzi angeuliza kama kanuni ipo, angeonyeshwa, na angeweka tiki kama nilivyoweka mimi.

Kwa hiyo kwenye mapitio yale sikuandika hoja kuhusu sentensi ya herufi nzito. Nilimwambia kijana nitakachofanya na nisichofanya, ili asije akadhurika kwa kunisimulia. Kisha niliiomba kampuni orodha ya kila mara bomba lilipofungwa na mwendeshaji kwa miaka miwili iliyopita, pamoja na barua zote zilizofuata: nani aliulizwa nini, mara ngapi, na kwa muda gani. Niliomba pia nyakati ambazo kengele za aina ileile zililia na bomba halikufungwa, na nani aliulizwa chochote. Orodha ya pili ilikuwa ndefu, na hakuna aliyeulizwa kitu. Kuziweka orodha mbili juu ya meza moja kulitosha. Mkurugenzi wa uendeshaji alizisoma kimya, akasoma tena, kisha akasema, "Tumewafundisha kusubiri." Alisema mwenyewe. Nisingeweza kuliweka vizuri zaidi katika taarifa yangu.

Yapo mambo tunayoyakosea sisi upande wa mamlaka, na nitayasema kwa kuwa nimeyafanya. Tulikuwa tunahesabu hoja. Mkaguzi aliyerudi na hoja nyingi alionekana amefanya kazi, na kampuni iliyozifunga haraka ilionekana inajali. Hoja hufungwa vipi haraka? Kwa kuongeza ukurasa, au kwa kuandika "wafanyakazi wamekumbushwa". Nimeshapokea barua nyingi zenye maneno hayo na nikagonga muhuri wa kufunga. Fundi aliyevunjika mkono angeweza kukumbushwa kila asubuhi kwa mwaka mzima, na nta ingebaki palepale kwenye kijibomba.

Jambo la pili ni hamu ya kuwaandikia. Unaona hatua imekosewa, unajua inavyopaswa kuwa, kalamu iko mkononi. Nilifanya hivyo mara moja, nikawapa sentensi zangu, wakazinakili zilivyo. Mwaka uliofuata nilipouliza kwa nini hatua ile iko hivyo, meneja alinijibu kwa heshima kwamba mamlaka ndiyo ilitaka. Hakuna aliyejua sababu yake, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuifuata nikiwa sipo. Tangu hapo ninaeleza nilichokiona na hatari ninayoihofia, kisha ninawaachia waandike wanaoifanya kazi.

Mwaka 2015 Taasisi ya Petroli ya Marekani ilichapisha mwongozo wa mifumo ya usimamizi wa usalama wa mabomba, API 1173, ambao ulitokana kwa sehemu kubwa na somo la Marshall. Ndani yake kuna mzunguko unaojulikana wa kupanga, kutenda, kukagua na kurekebisha, na kuna msisitizo kwamba mtu aweze kutoa taarifa ya hatari bila kuogopa kuadhibiwa. Ninauthamini. Lakini nimeona pia kampuni zikiununua kama jalada la tano. Ninachowauliza siku hizi ni mfano mmoja tu: nionyesheni utaratibu mmoja uliobadilika mwaka huu kwa sababu fundi alisema haufanyi kazi, na mnitajie siku aliyosema na siku ulipobadilika. Wenye mfumo hai hujibu kabla sijamaliza swali, mara nyingi kwa kubishana wenyewe kwa wenyewe ni mfano upi wa kunipa. Wengine huomba wiki moja ya kutafuta.

Kampuni ya lile bomba la kwanza iliandika upya utaratibu wa kipokeo. Safari hii waliuandika wakiwa kituoni, na fundi aliyeumia alikuwa miongoni mwao, mkono wake ukiwa umepona ingawa haunyooki hadi mwisho. Nilialikwa kushuhudia mara ya kwanza unatumika. Hatua ya tisa ilikuwa imegawanyika kuwa saba. Geji mbili sasa, kila moja na tundu lake, kila tundu likizibuliwa kabla ya kusoma. Valvu ya kupumulia ikiachwa wazi muda wote. Skrubu ya tahadhari kwenye mlango ikilegezwa kidogo, na kama kuna sauti yoyote au tone lolote, kazi inasimama hapo. Mahali pa kusimama pamechorwa sakafuni kwa rangi ya njano, ubavuni mwa mlango, na hakuna mtu mbele yake.

Yeye ndiye aliyesoma kwa sauti. Mwenzake, yuleyule aliyeloa siku ile, ndiye aliyefanya kwa mikono. Walipofika kwenye skrubu, alinyamaza, akainua kiganja, na sote tukanyamaza naye tukisikiliza chuma kwa muda uliokuwa umeandikwa kwenye ukurasa. Halafu akaniuliza kama nimesikia kitu. Nikasema sijasikia. Akamuuliza mwenzake. Kisha akasoma hatua inayofuata.